Milimita Moja ni Sentimita Tatu: Kujenga Spitfire ya 1/32 Ukiwa Mbeya

Ukipata boksi la modeli ya ndege ya skeli 1/32, kabla hujagusa gundi chukua rula. Kila milimita 1 ya plastiki iliyo mezani kwako ni milimita 32 za ndege halisi. Chukua Spitfire, ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia: ya kweli ilikuwa na mita 11.23 kutoka ncha ya bawa moja hadi ncha ya bawa la pili; yako itakuwa na sentimita 35. Rubani wa sentimita 175 atakuwa na sentimita 5.5. Mkwaruzo wa milimita 1 unaouchora ukingoni mwa bawa ni rangi iliyobanduka kwa zaidi ya sentimita 3. Na waya wa unene wa milimita 1, ambao ukiwa kiganjani unauona mwembamba, ukiuingiza kwenye injini ni bomba la maji la inchi moja na robo.

Vijana kadhaa hapa Mbeya wameanza kupenda kazi hii, na karibu kila mmoja ananiuliza, "Kaka, ninunue rangi gani?" Rangi zitakuja. Swali la kuanza nalo, na la kurudia kwa kila kipande utakachokishika, ni hili: kitu hiki kilikuwa kinafanya kazi gani kwenye ndege? Modeli ndogo ya 1/72 inakuruhusu kulipita swali hilo, maana jicho halifiki ndani. Kwenye 1/32 jicho linafika, na linagundua haraka kitu kilichowekwa ili kijaze nafasi tu.

(Kwa anayeshangaa mtu wa nyanda za juu kusini kushughulika na ndege: mwaka 1932 njia ya Imperial Airways, shirika la ndege la Uingereza, kutoka London hadi Cape Town ilipita hapa. Ndege zilitoka Dodoma, zikatua Mbeya, zikaendelea Mpika, iliyoko Zambia ya leo. Ndege si ugeni kwetu.)

Nitazungumzia modeli ya Spitfire Mk.IXc (mojawapo ya matoleo ya ndege hiyo) ya kampuni ya Tamiya ya Japani, iliyotoka mwaka 2009, kwa sababu ndiyo niliyoijenga na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Vifuniko vya injini vinashikwa na sumaku ndogo, kwa hiyo unaweza kuvitoa, ukaonyesha injini, kisha ukavirudisha. Raha yote ya modeli hii iko hapo, na ugumu wake pia. Vifuniko vimekatwa kwa kipimo cha karibu sana, na rangi ina unene. Ukipiga praima nzito, ukaongeza rangi mikono mitatu na vanishi juu yake, havitakaa tena. Kingo za ndani za vifuniko zizibe kwa tepu ya karatasi kabla ya kupuliza, na kila baada ya mkono mmoja wa rangi, ikishakauka, vijaribu kama bado vinaingia.

Sasa injini yenyewe. Inaitwa Merlin, na ina silinda 12 zilizopangwa kwa umbo la V, na kila silinda ina plagi 2. Jumla ni plagi 24, na watu wakisikia hivyo hutaka kuzifunga nyaya zote 24. Usifanye hivyo. Plagi moja ya kila silinda iko upande wa ekzosi, nyingine iko ndani ya V. Vifuniko vikiwa wazi, anayeitazama ndege kwa ubavu anaona zile za nje, 6 kila upande. Toboa matundu ya nyaya za plagi hizo, 6 kwa 6, uyafanye kwa utulivu, na nguvu uliyookoa uipeleke kwenye mabomba makubwa ya maji na mafuta, maana hayo ndiyo yanayoonekana kwanza.

Waya wake usiuagize nje. Nenda kwa fundi simu, pale Mwanjelwa wako wengi, umwombe waya wa jampa. Ni shaba nyembamba iliyopakwa vanishi, wanayotumia kuunganisha njia zilizokatika kwenye bodi ya simu. Wa milimita 0.2 ukizidisha kwa 32 unapata milimita 6.4, unene unaofaa kabisa kwa waya wa plagi. Wa 0.1 unafaa kwa nyaya ndogo za chumba cha rubani. Kwa fundi huyohuyo utapata kibano chenye ncha kali na lenzi yenye taa. Supagluu usiimimine kutoka kwenye chupa; tia tone juu ya kipande cha bati, chovya ncha ya sindano, gusa.

Kwenye chumba cha rubani ndiko watu wanakopoteza usiku mwingi bure. Kabla ya kuunganisha nusu mbili za kiwiliwili, zishikize kwa tepu, washa tochi ya simu, chungulia kupitia mlango wa rubani ulioko kushoto. Unachokiona ndicho cha kufanyia kazi: kiti, mikanda, dashibodi, na ukuta wa kulia kuanzia usawa wa kiti kwenda juu. Spitfire haikuwa na sakafu ya kawaida. Chini ya miguu ya rubani palikuwa na vibao vya kukanyagia visigino tu, na chini yake uwazi wa tumbo la ndege. Pakae rangi ya ndani, utie kivuli, uende mbele.

Mikanda nitaitetea kwa nguvu zote. Kitu kimoja kikifanywa vizuri ndani ya chumba hicho, kiwe mikanda, kwa sababu ndiyo inayomwambia mtazamaji kwamba mwanadamu alikaa pale. Karatasi ya fedha iliyoko nyuma ya pakiti za vidonge ni nyembamba na inakunjika ikabaki ilivyokunjwa. Ikate vipande vya upana wa milimita 1.5 hivi, ambao ni kama sentimita 5 za ndege halisi, uiviringishe juu ya penseli ili ilegee, kisha uilaze kitini jinsi kitambaa kinavyolala: chenye uzito, kinachofuata umbo la kilichoko chini yake. Mkanda ulionyooka kama rula unaua chumba kizima.

Kiti hicho hakikuwa cha bati. Viti vingi vya Spitfire vilitengenezwa kwa nyuzi na rezini, vikawa na rangi ya kahawia inayoelekea wekundu. Kwa hiyo ukikichakaza kwa rangi ya fedha, kana kwamba bati limefichuka, umekosea kitu. Vivyo hivyo kwa propela. Propela nyingi za kampuni ya Rotol zilizofungwa kwenye Mk.IX zilikuwa na mapanga ya mbao zilizogandamizwa na kufunikwa ganda. Rangi ikitoka pale, hakuna aluminiamu chini yake. Na usukani wa mkiani ulikuwa umevikwa kitambaa. Nimeona modeli zilizojengwa kwa ustadi mkubwa zikiwa na alama za fedha kwenye kitambaa, na inasikitisha, maana mikono ilikuwa na uwezo. Lililokosekana ni lile swali moja tu.

Kuhusu uchafu, nyanda zetu ni darasa zuri. Simama Makambako mahali malori yanapopumzika, uangalie lori moja kwa dakika kumi. Ngazi ya upande wa dereva imelika hadi chuma kinang'aa. Ya upande wa pili imefubaa kwa vumbi. Chini ya mfuniko wa tangi la mafuta kuna mchirizi mweusi unaoshuka. Nyuma ya ekzosi kuna masizi yanayoanza mazito na kuisha polepole kufuata upepo. Sasa rudi kwenye Spitfire. Rubani alipanda kutoka kushoto, akikanyaga bawa la kushoto karibu na kiwiliwili, kwa hiyo mchakao mkubwa wa miguu uwe hapo. Mafundi nao walipanda pande zote mbili kufungua vifuniko vya injini, na skrubu zilizofunguliwa kila siku ndizo zinazopoteza rangi kwanza. Masizi ya ekzosi yanafuata upepo kuelekea nyuma, na chini ya mabawa yanaanzia kwenye matundu ya kutolea maganda ya risasi. Midomo ya bunduki za mabawani ilizibwa kwa vitambaa vyekundu. Kama umeviacha vizima, bunduki hizo hazijafyatuliwa, basi usiziwekee masizi.

Ukiwa umechagua ndege iliyopigana Tunisia mwaka 1943, tazama pia ndege ndogo za Cessna zinazotua uwanja wa Msembe, ndani ya Hifadhi ya Ruaha. Vumbi la kiwanja cha udongo halipakai ndege nzima kwa usawa. Linashika tumbo, nyuma ya magurudumu, na kila mahali palipovuja mafuta. Vijiwe vinavyorushwa na magurudumu vinapiga kingo za mbele za mabawa madogo ya mkiani. Piga picha nyingi kwa ruhusa, uzichapishe, uzibandike juu ya meza yako.

Hatua za kawaida sitazirefusha: osha fremu (vijiti vya plastiki vinavyoshika vipande) kwa maji na sabuni, jaribu kila kipande kabla ya kugundisha, sugua maungio kwa msasa wa maji kuanzia namba 400 hadi 1,200. Vanishi ya kung'aa itangulie stika, kwa sababu stika ikilazwa juu ya rangi iliyofifia hunasa hewa chini yake na kuonyesha ukungu wa fedha. Ya kufifisha ndiyo ya mwisho.

Kupuliza rangi, hata hivyo, kunataka uijue hali ya hewa ya kwetu. Mbeya tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kiangazi hewa ni kavu, na rangi ya thina hukauka hewani kabla haijafika kwenye plastiki, ikatua kama unga. Ongeza thina kidogo, sogeza karibu brashi ya hewa (kifaa cha kupuliza rangi kwa hewa ya kompresa), na ufanye kazi jioni upepo ukitulia, hasa kati ya Agosti na Oktoba vumbi linapokuwa jingi. Msimu wa mvua ni kinyume chake: unyevu hunasa kwenye rangi inayokauka haraka, ikafanya weupe. Siku ya mvua kubwa fanya injini, acha kupuliza. Kompresa iwe na chombo cha kunasa maji, na shinikizo kati ya psi 15 na 20 linatosha kwa brashi yenye tundu la milimita 0.3.

Mwezi wa sita na wa saba baridi huifanya rangi kuwa nzito. Weka chupa iliyofungwa ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu. Nasisitiza maji, kwa sababu wengi wetu miezi hiyo tunafunga madirisha na kuwasha jiko la mkaa ndani. Mvuke wa thina na moto havikai chumba kimoja hata kwa dakika moja, na mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua wenyewe hata bila thina. Fungua dirisha, vaa koti na barakoa ya mafundi rangi, puliza, kisha toka nje ya chumba.

Praima na thina za magari zinapatikana kwa urahisi mjini na zinafanya kazi nzuri, ila baadhi ya thina ni kali na huyeyusha plastiki. Jaribu kwanza kwenye kipande cha fremu ulichokuwa utupe. Fundi mmoja wa rangi za magari aliniambia, "Kaka, mkono wa kwanza usiufanye ufunike. Uache uwe ukungu, ukauke, ndiyo uje na wa pili." Kwenye plastiki ya modeli sheria hiyo ina nguvu mara mbili, kwa sababu mkono wa kwanza mwepesi huukinga uso dhidi ya thina ya mkono wa pili.

Ikiisha, itafutie kasha la kioo kabla hujaitafutia mahali sebuleni. Fundi aluminiamu atakutengenezea. Vipimo vya ndani vya sentimita 45 kwa 40 na kimo cha 20 vinaipa Spitfire ya 1/32 nafasi ya kutosha bila kugusa propela. Mbali na dirisha lenye jua, maana jua hufubaza stika na kupausha rangi. Silikoni ya vioo hutoa harufu kama ya siki inapokauka, na mvuke huo haufai kwa vipande vidogo vya chuma, kwa hiyo kasha likae wazi hadi harufu iishe kabisa. Ukiiweka ndani, ubavu wa kushoto uelekee watu, mlango wa rubani ukiwa wazi, vifuniko vya injini vya upande huo vikiwa vimelazwa kando.