Jibu: Kwa nini mchezaji anayetishwa na mashabiki asiende polisi tu?

Mkuu, swali lako ni zuri, ila umesahau kitu kimoja: mara nyingi anayemtisha mchezaji ndiye huyo huyo anayekula meza moja na viongozi wa klabu. Mwaka 2017 rais wa klabu ya Juventus ya Italia, Andrea Agnelli, alifungiwa mwaka mmoja kwa sababu ya tiketi kufika mikononi mwa vinara wa mashabiki, ambao wakaziuza kwa ulanguzi (kwenye rufaa adhabu ikapunguzwa). Sasa wewe beki unamshtaki nani kwa nani?

Angalia Nocerina, timu ya daraja la tatu Italia, Novemba 2013. Mashabiki wake walizuiwa kwenda kwenye mechi na Salernitana, wakawatisha wachezaji wasicheze. Mpira ukaanza. Dakika za mwanzo tu kocha akamaliza sub zote tatu, kisha mmoja anashika paja kama kaumia, anakaa chini, anatoka. Mwingine kifundo cha mguu, naye anatoka. Haikufika nusu saa, wakabaki chini ya saba, idadi ya chini inayoruhusiwa, refa akamaliza mchezo. Na walioadhibiwa ni pamoja na klabu yenyewe, ikafukuzwa kwenye ligi!

Yaliyotokea kwenye klabu ya Sporting ya Ureno yalikuwa mabaya zaidi. Mei 2018 mashabiki waliofunika nyuso waliingia hadi uwanja wa mazoezi, wakapiga wachezaji, mshambuliaji Bas Dost akapasuliwa kichwa. Hapo polisi waliingia kweli, kesi ikaenda mahakamani. Lakini wachezaji kadhaa, akiwemo kipa Rui Patrício, hawakungoja hukumu, walivunja mikataba wakaondoka.