Nimepigwa kalamu kwa kutorudi ofisini

SWALI: Nilianza kufanyia kazi nyumbani Machi 2020 korona ilipoingia, na tangu hapo sikuitwa tena ofisini Nairobi. Mimi ni mhasibu, mshahara wangu wa jumla ni shilingi 85,000. Ijumaa moja mwezi jana tulipokea barua pepe kwamba kuanzia Jumatatu kila mtu awe ofisini siku tatu kwa wiki. Nilimpigia meneja simu nikamweleza kwamba nina mtoto mdogo na nilishahamia Nyeri. Akasema atanijibu. Hakunijibu, nami nikaendelea na kazi kama kawaida. Baada ya majuma mawili nikaletewa barua ya kufutwa kazi papo hapo kwa "utoro na kukaidi amri". Sikuitwa kujieleza. Je, nina kesi? – Msomaji, Nyeri

JIBU: Pole, dada. Kesi unayo, lakini nguvu yake haiko pale unapodhani. Unategemea mtoto, umbali na miaka uliyokaa ukifanyia kazi nyumbani. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi itaanza na swali jingine: mkataba wako unataja wapi kuwa mahali pa kazi?

Utoe mkataba leo uusome. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri aandike mahali pa kazi, au aseme kwamba mfanyakazi atahitajika sehemu mbalimbali. Ikiwa umeandikiwa Nairobi na hakuna barua iliyofuata, basi kufanyia kazi nyumbani kulikuwa ruhusa, na aliyeitoa anaweza kuiondoa akikupa muda wa kutosha. Ikiwa ipo barua, hata barua pepe ya mistari miwili, iliyosema kituo chako sasa ni nyumbani, mambo yanageuka. Kifungu hichohicho kinataka mwajiri anayebadilisha masharti hayo ashauriane na mfanyakazi na kumwarifu kwa maandishi. Tangazo la Ijumaa la kuripoti Jumatatu ni vigumu kuliita mashauriano.

Mahali ndipo penye uzito kwa sababu kifungu cha 44, kinachoruhusu mtu kufutwa papo hapo, kinamhesabu kuwa mtoro yule asiyefika mahali alipopangiwa kufanyia kazi, bila ruhusa wala sababu halali. Kusanya ripoti ulizowasilisha katika majuma yale mawili, na barua pepe ambazo meneja alikujibu kuhusu kazi hiyo. Zitaonyesha kwamba kazi ilifanyika na kampuni ikaipokea, na shtaka la utoro litapungua makali. La ukaidi linabaki, kwa kuwa ombi lako ulilitoa kwa simu na huna karatasi ya kulithibitisha. Kama baada ya simu ile ulimwandikia meneja hata ujumbe mfupi, utafute uuhifadhi.

Sasa tuje kwenye upande wako wenye nguvu. Kifungu cha 41 kinamlazimu mwajiri, kabla ya kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu, amweleze kosa lake kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi atakayemchagua, kisha awasikilize wote wawili. Hata anayefutwa papo hapo ana haki hiyo. Waajiri wengi huteleza hapa: wanaona kosa liko wazi, wanaruka kikao. Mahakama hupima sababu na pia utaratibu, na mwajiri mwenye sababu nzuri aliyeruka kikao bado anaweza kuonekana amemfuta mtu isivyo haki. Wewe hukupewa barua ya kujieleza wala hukuitwa. Hilo liwe mstari wa kwanza wa madai yako.

Kuhusu pesa. Siku ulizofanya kazi mwezi huo na likizo ambayo hukuichukua ni zako hata ukishindwa. Ukishinda, unaweza kupata mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi, yaani 85,000, pamoja na fidia isiyozidi mishahara ya miezi 12, ambayo kwako ni 1,020,000. Tafadhali usiipangie matumizi hesabu hiyo ya mwisho. Hicho ni kikomo, na mahakama huangalia miaka uliyotumika, nafasi yako ya kupata kazi nyingine na jinsi wewe mwenyewe ulivyochangia kufutwa. Majuma mawili ya kukaa kimya yatatajwa. Malipo ya utumishi ya kila mwaka usiyategemee ikiwa ulikuwa ukikatwa NSSF.

Andika barua ya madai na uipe kampuni siku 14. Ukitaka kupitia ofisi ya leba, ambayo haikutozi ada, fika ndani ya miezi 3 tangu siku ya kufutwa ukiwa na mkataba, barua ya kufutwa, barua pepe ya Ijumaa ile na hati za mshahara, asili na nakala. Mahakamani una miaka 3. Anayelipwa hadi 80,000 kwa mwezi hupeleka madai yake kwa hakimu. Wewe umepita kiwango hicho, kwa hiyo ni Mahakama ya Ajira yenyewe.

Kuna karatasi moja ya kuogopa. Utakapokwenda kuchukua pesa zako za mwisho utapewa fomu inayosema umelipwa kila kitu na huna dai lingine. Wapo waliotia sahihi kwa haraka ya kupata hundi, kisha mahakama ikawaambia walikwisha kumalizana na mwajiri. Omba kwenda nayo nyumbani. Wakikataa, andika kwa mkono juu ya sahihi yako: "Nimepokea kiasi hiki bila kuacha madai yangu ya kufutwa isivyo haki." Kompyuta ya kampuni irudishe kwa hati yenye namba ya mashine na sahihi ya aliyeipokea. Cheti cha utumishi nacho ni haki yako, na kisheria hutaja mahali pako pa kawaida pa kazi. Kisome kabla ya kukiweka kwenye faili, maana huenda kikakusaidia.

SWALI: Mkataba wangu unasema nitafanyia kazi nyumbani. Sasa nimeambiwa nisiporipoti tarehe 1 nitahesabiwa nimejiuzulu. Nikatae? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Ndugu, usikatae kwa kukaa nyumbani. Nenda shingo upande, na siku hiyohiyo uandike. Ukienda, hawana utoro wa kukushtaki nao, na mgogoro unabaki ule wa mkataba, ambao wewe ndiwe mwenye karatasi. Maneno kama haya yanatosha:

"Nitaripoti ofisini kuanzia tarehe 1 kama nilivyoagizwa. Sikubali kwamba mkataba wangu umebadilishwa. Unataja nyumbani kwangu kuwa mahali pa kazi, na sijashauriwa kuhusu mabadiliko yoyote. Naomba kikao ndani ya siku 7."

Kabla ya kutuma, hakikisha mkataba hauna sentensi inayoipa kampuni uwezo wa kukuhamisha kituo. Mara nyingi hufichwa mwishoni, na ikiwapo, msimamo wako unalegea sana. Tunza risiti za nauli. Wasipojibu, andika tena baada ya wiki mbili, kwani ukienda miezi sita bila neno watasema ulikubali. Ofisi ya leba inaweza kukusikiliza hata kabla hujafutwa.

Kama tatizo ni ugonjwa au ujauzito, barua ya daktari iwafikie kabla ya tarehe 1, ikieleza ni nini huwezi kufanya na kwa muda gani. "Apewe mapumziko" peke yake haisaidii. Kama ni safari au malezi, omba siku zako za likizo ya mwaka ili ujipange.

Na kuhusu kujiuzulu: hilo ni tendo lako, mwajiri hawezi kukuandikia. Akikufungia mfumo na mshahara, amekufuta kazi, na anapaswa kuthibitisha sababu.

SWALI: Je, na sisi wa Dar es Salaam tuna miezi 3? – Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Hapana, na hapo ndipo wengi hupotezea haki yao. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 kwa Fomu Na. 1. Nakala moja mpe mwajiri kwanza, aigonge muhuri au aitie sahihi, ndipo uiwasilishe Tume ukiwa na uthibitisho huo. Aliyefanya kazi chini ya miezi 6 kwa mwajiri huyo hawezi kudai kuachishwa isivyo halali. Siku 30 zikishapita, jaza pia Fomu Na. 2 ya kuomba kuongezewa muda, ukieleza kila siku uliyochelewa na kuambatisha ushahidi, kwa mfano karatasi za hospitali. Kusema ulikuwa ukimsubiri meneja akupigie simu hakutakusaidia.