Tarbia imekwama ubeti wa 4? Tenganisha hoja, vina na mizani

Mkuu, umesema tarbia yako (shairi la mishororo minne kila ubeti) ya beti 7 imekwama ubeti wa 4, na kila mshororo unaoandika unaufuta. Mawazo unayo. Kinachokukwamisha ni kusaka hoja, kina (silabi za mwisho zinazofanana) na mizani (idadi ya silabi) kwa mkupuo mmoja.

Anza kwa kuachana na mizani kabisa. Andika nathari, yaani lugha ya kawaida, sentensi moja kwa kila ubeti. Sentensi ya ubeti wa 4 ikikataa kuja, basi huenda ubeti wa 3 umeshayasema ya ubeti huo, na shairi lako ni la beti chache kuliko 7. Likate, halitapungukiwa kitu.

Sentensi ikiwepo, kagua vina. Hapa ndipo wengi hukwama. Shairi la mtiririko (vina vilevile beti zote) lenye kibwagizo (mshororo wa mwisho unaorudiwa kila ubeti) hula maneno 3 ya kina cha kati, yaani cha mwisho wa nusu ya kwanza ya mshororo, na 3 ya kina cha mwisho kila ubeti. Kwa beti 7 ni maneno 21 kila upande. Ukiwa umechagua kina kama -gwe au -fyo, lazima yakuishie njiani. Ligeuze liwe ukara: shikilia kina cha mwisho, cha kati kibadilike. Au ukaraguni, vina vipya kila ubeti, ambapo kila kina kinahitaji maneno 3 tu. Ila mabadiliko yaanzie ubeti wa 2, la sivyo litasomeka kama mashairi mawili.

Kibwagizo kitungwe kabla ya ubeti wa 1, maana ndicho kila ubeti unakokwenda. Tuseme ni hiki:

Mabomba hayana maji, na ahadi hazinyweki

Mizani 8 kwa 8, yaani 16 kwa mshororo. Ukiamua kufuata vina vyake, -ji na -ki, orodhesha pembeni maneno kumi kumi ya kila kina. Vina vya -i vina hazina kubwa kwenye vikanushi, kwa kuwa -a ya mwisho hugeuka -i: twafika, hatufiki, yatosha, haitoshi. Lakini vikanushi vitatu katika ubeti mmoja vinachosha sikio. Changanya na nomino: haki, riziki, rafiki.

Sasa sentensi yako inasema watu wamejaa kwenye foleni ya maji. Unaandika "Foleni imejaza mji", unapata mizani 9. Usifute! "Imejaza" ina mizani 4, "yajaza" ina 3:

Foleni yajaza mji, zamu yetu haifiki

Kubadili njeo (wakati wa kitenzi) huokoa mishororo mingi kuliko kutafuta neno jipya. Baada ya hapo ndipo uende kwenye inkisari, kufupisha neno (aliyekuja, alokuja), au mazida, kulirefusha (enda, enenda), kwa kiasi, maana zikirundikana lugha inapinda na msomaji anaona umebanwa. Na hesabu kwa kutamka, si kwa macho: "mji" ni mizani 2, "mtoto" 3, lakini "mwana" ni 2. Hiyo m hupuuzwa sana, na ndiyo huzaa mishororo ya mizani 17.

Mshororo mmoja ukigoma kabisa, andika vina vyake viwili mahali pake, acha nukta, endelea na mwingine. Mimi hushauri uanze na mshororo wa 3. Huo ndio unaokabidhi kibwagizo, na ukishakaa sawa, wa 1 na wa 2 kazi yao inabaki kuufikia tu.