Vietnam ilianza mageuzi kabla Usovieti haijaanguka

Wapo wanaosema Vietnam ilifungua uchumi wake baada tu ya Usovieti kuanguka. Hapana, Vietnam haikungoja Usovieti ianguke ndipo ifungue uchumi. Sera ya Doi Moi, yaani mageuzi ya kiuchumi, ilipitishwa na Mkutano Mkuu wa 6 wa Chama cha Kikomunisti, Hanoi, Desemba 1986. Usovieti ilivunjika Desemba 1991. Tarehe zimo katika nyaraka za chama chenyewe.

Kilichowasukuma viongozi ni uhaba wa chakula na kupanda kwa bei: takwimu rasmi zinataja mfumuko wa bei wa zaidi ya asilimia 700 mwaka 1986. Na tuwape wakulima haki yao, wao ndio walitangulia, wakigawana mashamba ya ushirika kimyakimya huku viongozi wakibishana. Mwaka 1981 chama kikaruhusu mikataba kati ya ushirika na kaya za wakulima, kisha Azimio namba 10 la chama la 1988 likazipa kaya mashamba ziyatumie kwa muda mrefu. Mwaka 1989 nchi iliyokuwa ikiagiza mchele ikauza nje zaidi ya tani milioni moja!

Ila kukatika kwa misaada ya Moscow kuliongeza kasi baadaye. Na soko halikuleta vyama vingi: chama ni kimoja hadi leo, na ardhi kisheria bado ni mali ya umma, mkulima ana haki ya kuitumia tu.