Maswali yenu: Washington, Du Bois na wenzao

Kati ya Booker T. Washington na W. E. B. Du Bois, nani alikuwa msaliti?

Swali hili linaletwa kila mara, na kila mara neno ni lile lile: msaliti. Acheni. Wote wawili walikuwa viongozi wa weusi wa Marekani, wakibishana njia ya kupata haki. Washington alizaliwa mtumwa Virginia mwaka 1856, akajenga chuo chake Tuskegee, Alabama, ambako mtu mweusi aliweza kuuawa na umati bila kesi. Akaona watu wapate kwanza ufundi, ardhi na akiba. Du Bois, aliyezaliwa huru Massachusetts mwaka 1868, alijibu kwamba asiye na kura atanyang'anywa hata hiyo ardhi. Mimi niko na Du Bois. Ila Washington alipohutubia Atlanta mwaka 1895, akiwataka weusi watangulize kazi kabla ya kudai haki, huyo huyo Du Bois alimpongeza. Mnaomnukuu mmoja kumtukania mwingine, hilo mnalijua?

Ni kweli Washington hakupigania kura?

Mbele ya watu alinyamaza. Kwa siri aligharamia kesi ya Giles dhidi ya Harris, iliyopinga katiba ya Alabama kuwanyima weusi kura. Mahakama Kuu ya Marekani ikaitupa mwaka 1903. Namheshimu kwa hilo. Lakini kwa siri pia alifadhili magazeti ya weusi na kupeleka wapelelezi kwa wapinzani wake. Kiongozi anayelilipa gazeti mwogopeni, hata hoja zake zikiwa nzuri.

Garvey na Washington waligombana kuhusu nini?

Hawakuwahi kukutana. Washington alifariki Novemba 1915, na Marcus Garvey, mwanaharakati wa Jamaika, akafika Marekani 1916. Tazameni tarehe kabla ya kuuliza.

Mabishano haya yalianza nao?

La. Mwaka 1843, katika mkutano wa weusi mjini Buffalo, mchungaji mweusi Henry Highland Garnet aliwataka watumwa wainuke. Frederick Douglass, mtetezi wa weusi aliyekuwa ametoroka utumwa, akapinga. Wito wa Garnet ulikataliwa kwa kura moja tu.

Sisi Afrika Mashariki yanatuhusu nini?

Sana. Mwaka 1924 tume ya elimu ya Phelps-Stokes, mfuko wa Marekani, mwalimu Aggrey wa Gold Coast (Ghana ya leo) akiwemo, ilipita Kenya na Tanganyika ikisifu elimu ya namna ya Tuskegee. Mwaka uliofuata ikafunguliwa Jeanes School, Kabete, kuwaandaa walimu wa vijijini. Wakoloni waliipenda elimu ya jembe na useremala kwa sababu haikugusa madaraka. Wazazi Wakikuyu walilitambua hilo: shule zao huru, zilizoenea baada ya mgogoro wa 1929 na wamisionari kuhusu tohara ya wasichana, zilidai watoto wafundishwe Kiingereza mapema.