Pima mawe ya kuku wako kwa ndimu kabla hujampa punje nyingine ya mahindi

Dada, simamisha hayo mahindi kwanza, mengine tutaongea baadaye.

Umeandika kuku wako ana miezi minne, anaishi balkoni ya ghorofa ya tatu, hashuki chini hata siku moja, anakula mahindi mazima, wali uliobaki na mchicha. Na kwamba muuzaji wa pembejeo amekwambia makome yaliyosagwa "ndiyo mawe yake". Niliposoma hapo mwili umenisisimka, maana ni maneno yale yale niliyoambiwa mimi, nikayaamini, nikamzika kuku wangu.

Aliitwa Kidoti. Mwanangu alimtoa Korogwe kwa bibi yake akiwa kifaranga, ndani ya boksi la viatu. Amekulia sebuleni kwetu, akisikia mlango wa friji anakuja mbio. (Mnaoandika "mchinje mle" mshasikika, piteni, huu uzi si wenu.)

Sikiliza. Kuku hana meno. Anachomeza kinakaa kwanza kwenye gole, kile kifuko cha chini ya shingo, kinalowana. Kinapita kwenye tumbo dogo lenye asidi, kisha kinaingia kwenye firigisi, na firigisi ndiyo kinu. Mchi wa kinu hicho ni vijiwe. Kuku wa uani anajiokotea, ndiyo maana bibi zetu hawakuwahi kumtafutia kuku mawe. Wa kwako anatembea juu ya vigae. Ataokota nini?

Mimi nimeosha firigisi tangu nina miaka tisa. Unaipasua, unamwaga vijiwe, unabandua ile ngozi ya njano, unaweka pembeni firigisi ya baba. Miaka yote hiyo, na sikuwahi kujiuliza vile vijiwe vilifuata nini mle ndani.

Makome ni kalsiamu, kazi yake ni ganda la yai. Yakikutana na asidi ya tumbo yanayeyuka, hayabaki kusaga kitu. Na kwa kuku ambaye hajaanza kutaga ni balaa la pili, kwa sababu kalsiamu asiyoihitaji inamuumiza figo. Chakula cha kuku wa mayai kina kalsiamu asilimia 3.5 hadi 4, cha kuku anayekua ni kama asilimia 1 tu. Mimi nilikuwa namwekea Kidoti makome kibakuli kizima, ana miezi mitano, nikidhani namtunza.

Kwanza niliona punje za mahindi kwenye kinyesi, zikiwa nzima. Kisha kifua kikachongoka, ule mfupa wa katikati ukawa kama ubao. Anakula kila siku na anakonda kila siku. Alfajiri moja nikamshika gole kabla sijampa kitu. Gole la kuku mzima asubuhi linakuwa tupu, kila kitu kimeshashuka usiku. La Kidoti lilikuwa gumu, limejaa, ukilibonyeza unasikia punje zinasuguana kama umeshika soksi iliyojazwa mahindi. Mdomo wake ulikuwa unanuka uchachu.

Yule kijana wa dukani simtaji, lakini hasira yangu naye haijaisha. Aliniuzia makome. Nikarudi, akaniuzia dawa ya minyoo. Nikarudi tena, akaniuzia antibayotiki. Mara tatu nimesimama mbele yake na kuku kwenye kapu, na mara zote tatu hakunyoosha mkono hata kumgusa gole. Wiki tatu zikapita hivyo. Kama hujui, sema hujui! Mtu atakwenda kwa daktari mapema.

Nilipofika kwa daktari wa mifugo wa kweli, Kidoti alikuwa hawezi kusimama. Alikufa usiku ule. Asubuhi nikamrudisha apasuliwe, nilitaka kujua. Firigisi ilikuwa ndogo, laini, misuli imelegea. Ndani hamkuwa na kijiwe hata kimoja. Kulikuwa na bonge kama kamba, mabua ya mchicha yamejisokota na ukili alioudonoa kwenye mkeka wetu, limeziba njia kabisa. Figo zimevimba, zimepauka. Mwanangu alikuwa amesimama pale pale.

Sasa fanya hivi. Chukua hayo unayoyaita mawe, weka kijiko kimoja kwenye kisosi, kamulia ndimu, inamia utazame. Likitoa povu ni chokaa au kome, litayeyuka tumboni pia. Lisilotoa povu ndilo jiwe la firigisi. Kwa sisi wa Dar, usiokote kokoto yoyote mradi kokoto: za Kunduchi ni mawe ya chokaa, zitatoa povu. Zile ngumu za Lugoba zinafaa. Mchanga wa ufukweni achana nao, una chumvi na umejaa vipande vya makome. Omba chenga za kokoto wanakofyatua tofali, chekecha upate za ukubwa wa mtama hadi choroko, osha mpaka maji yawe meupe, anika. Zikiwa na kona kona ndiyo vizuri, zinasaga. Weka kwenye kibakuli chake peke yake, usichanganye na chakula, atachagua mwenyewe. Siku ya kwanza weka mawe kijiko kimoja kikubwa tu, maana aliyekosa mawe muda mrefu anaweza kuyafakamia. Kifaranga mpe za ukubwa wa chenga za sukari.

Mpaka hapo mpe chakula cha unga cha kuku wanaokua, kimeshasagwa, hicho peke yake hakihitaji mawe. Ndiyo maana ukipasua firigisi ya kuku wa kisasa hukuti vijiwe. Mahindi au mtama ni kiganja kimoja jioni, baada ya mawe kuwepo. Mchicha katakata, au ufunge fungu ulining'inize adonoe vipande. Usimtupie mabua marefu. Wali wenye chumvi hapana, mahindi yenye ukungu hapana kabisa, yana sumukuvu. Makome yaweke juu ya kabati, utayatoa siku ukiona yai la kwanza, na hapo pia kwenye kibakuli tofauti na mawe.

Halafu kesho alfajiri, kabla hujampa hata maji, mshike gole. Likiwa tupu, njoo uniambie hapa. Likiwa limejaa, usisubiri jibu la mtu yeyote humu, wala usipitie dukani. Mpeleke kwa daktari asubuhi hiyo hiyo.