Kioo kilichogeuziwa ukutani

Shangazi, nina miaka 43, naishi Tanga. Miezi minane iliyopita niliondolewa titi la kushoto kwa sababu ya saratani. Tangu hapo naoga taa ikiwa imezimwa, na kioo cha chumbani nimekigeuzia ukutani. Mume wangu ni mwema, lakini siku hizi hulala ukingoni mwa kitanda. Nikilia, mama mkwe huniambia nimshukuru Mungu kwa kuwa ningali hai. Je, ninakufuru?

Mwanangu, hukufuru. Kumshukuru Mungu kwa uhai na kulilia titi ulilonyonyeshea wanao ni mambo mawili yanayokaa katika kifua kimoja, na anayekutaka uchague moja anakuongezea mzigo, hata akiwa na nia njema. Umefiwa na sehemu ya mwili wako, nayo haikuwekewa matanga. Ndiyo maana unailia gizani.

Kioo kiache kwanza. Anza na mkono: unapojipaka mafuta baada ya kuoga, pitisha vidole taratibu juu ya kovu, na usishtuke ukikuta ganzi hapo au kwapani, kwa sababu mishipa ya fahamu hukatwa wakati wa upasuaji. Ukishalizoea kovu kwa vidole, litazame mchana, kanga ikiwa mabegani, kwa muda utakaouweza tu.

Mumeo sijui anawaza nini, wala wewe hujui mpaka umuulize. Waume wengi hujitenga kwa kuogopa kumuumiza mke, naye mke akadhani amechukiwa. Mwambie wazi panapouma na pasipouma, kisha uuchukue mkono wake uuweke pasipouma. Tendo la ndoa linaweza kusubiri. Kama unatumia tamoksifeni, yaani vidonge vya kuzuia saratani ya titi isirudi, joto la ghafla na ukavu ukeni vinaweza kutokana na dawa hiyo, kwa hiyo mweleze daktari bila haya.

Ukipenda kuvaa titi bandia, fundi cherehani anaweza kukushonea mfuko ndani ya sidiria, ila liwe na uzito kidogo, maana pamba tupu hupanda juu. Usipopenda, usivae.

Usingizi na hamu ya kula vikipotea kwa wiki mbili, au ukianza kutamani kufa, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyohiyo. Muombe pia muuguzi akukutanishe na mwanamke aliyekwisha kufanyiwa upasuaji huo, kwani yako maswali utakayomuuliza yeye ambayo kwangu usingeyaandika.